Nimehamia Firefox: kisanduku cha "mimi si roboti" kimepotea, na mteja kaona fomu ya mwenzake

mama_kopi (Moshi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Nina steshenari, chumba kimoja tu, barabara ya kwenda KCMC. Kopi, kuprinti, lamineshini, picha za pasipoti, na msimu wa maombi ndio hasa unaolipa kodi ya chumba: mikopo ya HESLB, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, vyuo, ajira. Kompyuta ya kazi ni moja, Windows 10, RAM ya GB 4. Nyingine ya Windows 7 iko kwenye kona, inaprinti na kukusanya vumbi. Intaneti ni bando la simu yangu, kwa hiyo kila tangazo la video linalojifungua lenyewe nalilipia mimi.

Miaka yote nilikuwa kwenye brauza ya Chrome na kiendelezi (kijiprogramu cha kuongezea brauza) kimoja tu, uBlock Origin ya kuzuia matangazo, nilichowekewa na mdogo wangu alipokuja likizo. Siku moja nikakuta kimezimwa, kuna ujumbe kwamba hakitumiki tena. Sikujali. Wiki hiyohiyo kijana wangu wa dukani akaingia kwenye ukurasa mmoja wa kugeuza PDF kuwa Word, ule wenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua, kimoja cha kweli na vinne matangazo. Alibonyeza vyote vitano. Kufika saa nane mchana kompyuta ikawa inafungua kurasa za kamari yenyewe, mbele ya mchungaji aliyeleta ratiba ya ibada kuprinti. Nikasema basi, nahamia brauza ya Firefox.

Kuhama kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Firefox inakuuliza unatoka wapi, unachagua Chrome, basi: kwangu alamisho, historia na manenosiri vilikuja mzigo mmoja. Nilikoharibu ni baada ya hapo. Niliingia kwenye duka la viendelezi kama mtu aliyepokea hela ya mchezo wa upatu asubuhi na mchana akapita soko la Mbuyuni. uBlock Origin nikachukua, hiyo ndiyo iliyonipeleka. Privacy Badger nikaona ina picha nzuri. Dark Reader kwa ajili ya macho. NoScript, kwa sababu mtu fulani aliandika kwamba asiye nayo analala mlango wazi. SingleFile ya kuhifadhi kurasa. Kile cha Containers ambacho mpaka leo sijakielewa. Cha kutafsiri. Cha hali ya hewa, sijui cha nini, maana Mlima nauona kutoka mlangoni. Na kimoja nimeshasahau kinafanya kazi gani. Halafu nikapaka juu sura ya maua ya zambarau kama mijakaranda ya Oktoba. Hiyo siiondoi, msinishauri.

Sasa jana. Mama mmoja kateremka kutoka Marangu na binti yake. Tumejaza fomu yote, tumeskani vyeti, tumefika mwisho, kitufe cha kuwasilisha kimefifia, hakibonyezeki. Juu yake, pale panapokaa kile kisanduku cha "mimi si roboti", pana nafasi nyeupe tu. Nikafungua upya, tukajaza tena tangu mwanzo, nafasi nyeupe. Mama wa watu anaangalia mlango kila dakika akiwaza Hiace. Nikawaambia warudi keshokutwa, nikawarudishia hela yao na nauli juu.

La leo ndilo linalonitia hofu. Kwenye Chrome nilizoea mteja mpya akija nabonyeza Ctrl+Shift+N, linakuja dirisha jeusi, anaingia kwenye akaunti yake, akimaliza nafunga. Siku za mwanzo kwenye Firefox nilibonyeza hivyo hakikutokea kitu, nikawa nafungua dirisha la kawaida tu. Leo mchana nikasahau nikabonyeza tena. Likaja dirisha lenye fomu ya binti mwingine kabisa, aliyeondoka nusu saa kabla, wazi, na namba ya NIDA ya mzazi wake. Mteja aliyekuwa amekaa pembeni yangu akasoma jina kwa sauti. Anamfahamu! Ni jirani zao kule Rau.

Hii brauza ina jini au ni mimi?

Mangi_Mtata (Moshi)

Rudi Chrome. Mbweha waachie wenyewe.

fundi_sakina (Arusha)

Dada, pole sana. Jini hakuna. Na Mangi, huyo si mbweha, firefox ni jina jingine la panda mwekundu. Tuendelee.

Naanza na la leo. Kwenye Chrome, Ctrl+Shift+N ni dirisha fiche. Kwenye Firefox vidole vilevile vina kazi tofauti kabisa: vinarudisha dirisha la mwisho ulilolifunga. Siku za mwanzo hakikutokea kitu kwa sababu hapakuwa na dirisha la kurudisha. Leo lilikuwepo, likarudi. Wewe ulidhani unamfungulia mteja ukurasa safi, kumbe umeiambia kompyuta "niletee tena yule aliyetoka". Dirisha la faragha la Firefox ni Ctrl+Shift+P.

Utauliza mbona akaunti ilikuwa bado wazi wakati dirisha ulilifunga. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Kile kidakuzi (cookie, alama ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye brauza) kinachokutambulisha kwamba umeshaingia mara nyingi kinaishi mpaka Firefox nzima izimwe, na ninakisia una dirisha jingine ambalo halifungwi kutwa. WhatsApp, siyo? Wateja wanakutumia faili za kuprinti humo.

Sasa la Marangu. NoScript inazuia JavaScript, ile misimbo inayoufanya ukurasa utende kazi, kwa tovuti karibu zote mpaka uziruhusu moja moja, isipokuwa chache inazokuja imeziruhusu yenyewe. Ya maombi bila shaka uliiruhusu, ndiyo maana fomu ilijazika. Ila kile kisanduku mara nyingi hakitoki kwenye tovuti ya maombi yenyewe, kinaletwa kutoka anwani nyingine, na hiyo haikuwa imeruhusiwa. Kisanduku hakikuja, na bila kisanduku kitufe hakiamki. Kujua kwa hakika, zima Firefox, kisha shikilia Shift unapoifungua. Itakuuliza kama unataka kufungua viendelezi vikiwa vimelala. Kubali, nenda kwenye ukurasa uleule. Kisanduku kikionekana, mwizi ni mmojawapo wa wale tisa. Maua yako nayo yatapotea kwa muda, usiogope, yanarudi.

Na sasa sehemu iliyonifanya nicheke peke yangu hapa. Firefox hairuhusu viendelezi kuingia kwenye dirisha la faragha mpaka uviruhusu mwenyewe, kimoja kimoja. Maana yake ungebonyeza P badala ya N, NoScript isingekuwepo mle ndani, mama wa Marangu angewahi Hiace, na jirani wa Rau asingesoma jina la mtu. Herufi moja imekuletea kesi mbili.

Kuhusu lile duka lako la Mbuyuni. Niliwahi kuendesha intaneti kafe karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, miaka ile mahakama ya kimataifa ya Rwanda, ICTR, ipo kwenye jengo la AICC na mji umejaa wageni. Kompyuta kumi, zote Internet Explorer, na kila moja juu ina mistari minne mitano ya vitufe ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviweka. Sehemu ya kusomea barua pepe ilibaki kama kiganja. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 niliiweka zote kumi usiku mmoja, na kesho yake wateja wakaniuliza kama nimenunua vioo vikubwa. Kwa hiyo mimi kiendelezi nakiangalia kama mtu ninayempa ufunguo wa duka. Vingi vinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua. Kila ukurasa, dada, pamoja na ile ya NIDA.

Tena mtu uliyempa ufunguo anaweza kuuza ufunguo. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kinaitwa The Great Suspender, kazi yake kulaza vichupo (tab) usivyovitumia ili RAM ipumue. Kizuri kweli, watu wengi sana walikuwa nacho. Mwaka 2020 mtengenezaji wake akakiuza, na Februari 2021 Google ikakiondoa na kukizima kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Waliokiweka hawakukosea siku walipokiweka. Kilibadilishiwa mwenye nyumba wao wakiwa wamelala.

Mimi ningebakiza uBlock Origin na Containers. Ya pili inatengenezwa na Mozilla wenyewe, na nitakwambia kazi yake ukishatatua hili. Privacy Badger, ya kuzuia wanaokufuatilia mtandaoni, si mbaya, ila ukiwa na uBlock unaweka walinzi wawili kwenye geti moja. Dark Reader inapaka upya kila ukurasa, kwa GB 4 utaisikia. Cha hali ya hewa hata sitakijadili.

mama_kopi

Aisee. Nimeshikilia Shift kama ulivyosema. Kisanduku kimetokea pale pale kwenye nafasi nyeupe. Nikafunga, nikafungua kawaida, nikazima NoScript peke yake: kipo. Nikaiwasha: kimepotea. Nimerudia mara tatu kwa raha tu. Kijana wangu anasema nimekuwa kama mtoto na swichi ya taa.

Na ndiyo, ni WhatsApp. Dirisha la WhatsApp halijafungwa tangu niamke.

Swali dogo. Kwa nini Chrome iliniua uBlock? Maana yote yalianzia pale.

mwanaushirika (Moshi, MoCU)

Dada mimi ningekushauri Brave. Inazuia matangazo bila kuweka kitu chochote, na sura yake ni ya Chrome, hata Ctrl+Shift+N ingefanya kazi yako ileile. Usingepata haya yote.

fundi_sakina

Mdogo wangu una hoja, siikatai. Brave imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na kizuia matangazo chake kiko ndani ya brauza yenyewe, hakitegemei viendelezi. Mtu anayetaka kuhama bila kujifunza kitu kipya, ndiyo njia fupi. Ila dada ameshahama na maua ameshapanda.

Mama kopi, swali lako. Zamani kiendelezi kama uBlock kilikaa getini. Kila ukurasa ulipotaka kuleta kitu, picha, video, tangazo, kilisimamisha, kikapekua, kikasema pita au rudi. Google wakabadili kanuni za viendelezi, wanaziita Manifest V3. Kwa kanuni mpya kiendelezi hakikai tena getini. Kinampa mlinzi wa Chrome orodha iliyoandikwa mapema, na mlinzi ndiye anayeamua kwa kufuata ile orodha. Sababu waliyotoa ni usalama na kasi, na si uongo mtupu, nimekwambia sasa hivi habari za ufunguo. Lakini Raymond Hill, mtengenezaji wa uBlock Origin, alisema kazi yake yote haiingii kwenye orodha, kwa hiyo kwa Chrome akatoa nyingine nyepesi zaidi, uBlock Origin Lite. Ile ya zamani Chrome ikaanza kuizima hatua kwa hatua, mpaka ikakufikia wewe. Mozilla walipokea kanuni mpya na bado wakaacha mtu getini. Ndiyo tofauti unayoiona.

Ukiwa na hiyo uBlock kamili, ingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, yenyewe inakuja na KB 50. Washa hiyo kwa tovuti zinazokula bando. Ukitaka kuiona picha unaibonyeza, inakuja.

Bi_Njiro (Arusha)

Mdogo wangu mama kopi, nimesoma yote na kuna jambo wote mmelipita. Umeandika kwamba manenosiri yalikuja kwenye mzigo mmoja kutoka Chrome. Manenosiri ya nani?

Andika about:logins pale juu panapoandikwa anwani, uone.

mama_kopi

Dada yangu. Mia mbili kumi na saba.

Naomba nijitetee kidogo. Si kwamba nilikaa nikayakusanya. Mteja akiingia, Chrome inauliza "nihifadhi?", mimi naharakisha, nabonyeza ndiyo. Halafu likawa na faida. Mtu anarudi mwezi wa tatu kutoka Rombo, amesahau nenosiri, simu aliyosajilia imeibiwa, anakaa pale analia. Mimi nafungua, nenosiri lipo, anafurahi, anakwenda. Wengine wananiita mama wa siri zetu.

Bi_Njiro

Najua, na moyo wako ni mzuri. Lakini kijana wako aliyebonyeza vitufe vitano vya kijani anakaa kwenye kompyuta hiyohiyo. Na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, nayo haijali kama ulikusanya kwa huruma. Mimi nafanya uhasibu, kwetu hili tulifundishwa kwa ukali.

Futa, mdogo wangu. Kwenye mipangilio ya faragha zima ile ya kuuliza kama ihifadhi, ili kidole chako cha haraka kisipate cha kubonyeza. Mteja akitengeneza akaunti, mwandikie nenosiri kwenye karatasi yake mwenyewe, kwa kalamu, mlamineshie ukitaka, hiyo mashine si unayo? Mwambie aweke pamoja na cheti cha ubatizo. Cheti hicho huwa hakipotei.

Na Containers ambayo hukuielewa, nikuelezee mimi maana ndiyo ninayoitumia kila siku. Ni vyumba ndani ya brauza moja. Kila chumba kina vidakuzi vyake, na kina rangi yake ya mstari juu ya kichupo. Mimi nina cha bluu cha ofisi na cha kijani cha nyumbani, barua pepe mbili za kampuni moja zimefunguka pamoja na hazijuani. Wewe unaweza kuweka WhatsApp ya duka chumba kimoja na yako binafsi chumba kingine, ili wateja wasiendelee kuona ujumbe wa kikundi cha harusi. Ila usiutumie kwa wateja. Chumba kinakumbuka, na mteja hatakiwi kukumbukwa. Mteja ni dirisha la faragha.

fundi_sakina

Naongeza neno moja hapo kwa Bi Njiro. Madirisha ya faragha yakifunguliwa mawili kwa wakati mmoja yanashirikiana vidakuzi. Kwa hiyo usimfungulie wa pili kabla wa kwanza hajafungwa kabisa, hata foleni ikiwa imefika barabarani.

Na ile ya Windows 7 kwenye kona usiitamani. Chrome iliishia nayo toleo la 109, na kwa Firefox la mwisho kwake ni 115, tawi la ESR, lile la msaada wa muda mrefu. Iache iprinti.

Mangi_Mtata

Mia mbili kumi na saba? La kwangu nalo lipo? Nilijaza pale ya ajira mwaka juzi.

mama_kopi

Lipo, Mangi. Lilikuwepo. Nimefuta yote usiku huu, na la kwako nililiona, jina la mchumba wako wa zamani na 123.

Mrejesho, wakuu, kwa atakayepata shida kama yangu. Nimebaki na viendelezi viwili, uBlock Origin na Containers, pamoja na maua. SingleFile nimesita, nimeizima bila kuiondoa. Cha tisa nilichosahau kazi yake nilipokifungua nikaona kinaomba kusoma kila ukurasa na mtengenezaji wake hana hata maelezo ya mstari mmoja. Sijui kilikuwa kinanifanyia nini siku zote hizo na nimeona nisichunguze.

Kwenye kibodi nimebandika kipande cha plasta ya rangi nyekundu juu ya herufi N na cha kijani juu ya P. Kijana akaniuliza N nayo imeumwa nini.

Mama wa Marangu amerudi leo saa tatu asubuhi, kabla sijamaliza kufagia. Ctrl+Shift+P, tukajaza, tukaambatisha, kisanduku kikatokea, kikatuuliza tuchague picha zenye taa za barabarani. Binti akachagua, mama yake akamsahihisha moja. Kitufe kikawaka. Nimewaprintia nakala ya uthibitisho na karatasi ya nenosiri, imelamineshiwa, bure. Mama akaitia ndani ya kanga, akanipa parachichi nne.

Fundi wa Sakina na Bi Njiro, mkishuka Moshi parachichi mbili zenu zipo, ila msichelewe, zimeshaanza kuiva.